Kuvu Katika Jicho la Kamera

Kamera ya filamu, ambayo wengi wetu tulikwisha kuisomea hitima, imefufuka. Kodak iliacha kutengeneza filamu ya Kodachrome mwaka 2009, na mwaka 2012 ikakimbilia mahakamani kwa kufilisika. Nani angedhani kwamba mwaka 2024 kampuni ya Ricoh ingetoa kamera mpya ya filamu, Pentax 17? Vijana wanaitaka filamu, na kwa kuwa kamera mpya ni ghali, wanafungua makabati ya babu zao. Hapo ndipo taabu inapoanzia.

Kwetu pwani, kamera iliyolala kabatini hailali peke yake. Hewa ya Mombasa, Lamu na Unguja hubeba unyevu unaopita asilimia 70 siku nyingi za mwaka, na mvua za masika zikiingia huzidi. Kuvu inayoota juu ya viatu na majalada ya vitabu hupata njia hata ndani ya lenzi, na ule mkoba wa ngozi tunaoudhania kuwa kinga ndio tandiko lake. Ielekeze lenzi kwenye mwangaza utaona nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui. Nyuzi hizo hutoa asidi, nayo ikiachwa miaka hula ule utando wa kinga uliopakwa juu ya kioo, kisha ikakila kioo chenyewe.

Nimeshika kamera kwa kazi ya gazeti tangu miaka ya tisini, na nasikia hukumu mbili zikitolewa kwa pupa. Mmoja husema, ikiingia kuvu, tupa. Mwingine husema, ianike juani. Wote wawili siafikiani nao. Doa dogo la kuvu halionekani hata kidogo katika picha nyingi. Kuvu ikienea ndipo picha hufifia, hasa ukilielekea jua. Basi piga picha kwanza, utazame, ndipo uamue. Ama jua, huua baadhi ya kuvu lakini haliondoi nyuzi wala makovu, na lenzi iliyoachwa juani yaweza kukusanya miale ikachoma nyumba.

Aliyeamua kusafisha na afanye kwa utaratibu. Kuvu ikiwa kwenye kioo cha mbele au cha nyuma, kazi ni nyepesi. Ikiwa ndani, pete hufunguliwa kwa spana yake maalumu, na kila hatua ipigwe picha kwa simu, ili kila kioo kirudi mahali pake na upande wake. Puliza vumbi kwanza, maana vumbi likisuguliwa hukwaruza. Kisha lowesha kitambaa laini kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kuoshea vidonda inayouzwa maduka ya dawa, uache dakika chache, upanguse taratibu. Malizia kwa spiriti safi ya isopropili; spiriti ya hospitali mara nyingi ina mafuta, nayo huacha ukungu. Jiki usiiguse, na wala usiichanganye na dawa yoyote, kwani hutoa hewa ya sumu. Vioo viwili vilivyogandishwa pamoja, kuvu ikawa katikati yao, mpelekee fundi. Na kioo kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kinachotoka ni kuvu, kovu hubaki.

Lililo kubwa zaidi, msomaji mpenzi, halimo katika lenzi. Makabati hayo hayo yana nagativu za harusi, maulidi na mazishi ya wazee wetu. Studio kama Capital Art ya Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zilipiga sura za vizazi ambavyo hatuna kumbukumbu nyingine ya nyuso zao. Picha katika nagativu imeshikwa na jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nayo kwa kuvu ni chakula kitamu kuliko kioo. Tahadhari: nagativu yenye kuvu usiioshe kwa maji wala kwa dawa ya lenzi, maana jelatini iliyoliwa huyeyuka na sura ikaondoka nayo. Ikaushe, uinakili, uihifadhi.

Biashara nayo ina neno lake. Kamera hizi huuzwa siku hizi kwa picha ya simu, na kuvu haionekani katika picha hiyo. Muuzaji anayejua aibu ya bidhaa yake akanyamaza, huyo ni mwenye kughushi, hata kama hakusema uongo. Nawe mnunuzi, mulika lenzi kwa tochi kabla hujatoa fedha.

Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali, kwa hivyo anayesafisha lenzi akairudisha katika mkoba ule ule ameahirisha tu. Iwekwe katika kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, vibadilishwe vikishiba. Na nagativu za wazee zipate kopo lao kabla masika hayajaingia.