Huruma, Jeni na Mipaka ya Neno "Urithi"

Neno urithi, linapotumiwa kueleza matokeo ya sayansi ya jeni, hubebeshwa mzigo ambao haliwezi kuuhimili. Kasoro hiyo haidhihiriki sana panapojadiliwa kundi la damu. Hudhihirika panapojadiliwa huruma, yaani uwezo wa mtu kutambua na kushiriki hisia za mwenziwe, pamoja na tabia ya kusaidia inayoandamana nayo. Kauli kwamba "nusu ya huruma hurithiwa" ina sura ya kisayansi, lakini maana inayomfikia msomaji siyo aliyoikusudia mtafiti.

Yafaa kwanza kuangalia kilichopimwa. Mwaka 1986, J. Philippe Rushton na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha mapacha wa yai moja, ambao jeni zao ni karibu sawa kabisa, na mapacha wa mayai mawili, ambao ukaribu wao wa kijeni ni kama wa ndugu wengine wa baba na mama mmoja. Walikadiria kuwa takriban nusu ya tofauti baina ya watu katika moyo wa kusaidia zilihusiana na tofauti za jeni. Mwaka 2018, Varun Warrier, Simon Baron-Cohen na wenzao walichunguza watu zaidi ya 46,000 waliojaza hojaji ya huruma. Tofauti za jeni zilizo za kawaida katika jamii zilieleza takriban asilimia 11 tu ya tofauti za alama zao, na hakuna sehemu hata moja ya jeni iliyofikia kiwango cha uthibitisho kilichowekwa. Aidha, tafiti zote mbili zilitegemea maelezo ya watu kuhusu nafsi zao. Na anayejieleza kuwa mwema si lazima awe ndiye atakayeinuka mgonjwa anapohitaji kubebwa.

Jambo la msingi ni kwamba takwimu hizo zinahusu tofauti baina ya watu wa kundi fulani, katika mazingira fulani. Hazigawi huruma ya mtu mmoja mafungu mawili, moja la wazazi na jingine la malezi. Lakini katika Kiswahili urithi ni mali: una mafungu na una warithi. Msomaji akiambiwa nusu imerithiwa, hana budi kufikiria fungu. Mfano wa macho waweza kusaidia. Jicho hujengwa kwa maelekezo ya jeni. Hata hivyo, wengi wa wenye jicho moja wamelipoteza jingine kwa ajali au maradhi. Kwa hiyo tofauti ya idadi ya macho baina ya watu haielezwi sana na jeni, ingawa jicho lenyewe ni zao la jeni.

Suala hili si la istilahi pekee. Rushton huyohuyo alichapisha mwaka 1995 kitabu kilichopanga wanadamu kwa madaraja ya rangi, na wataalamu wengi wakakipinga. Makadirio yanayotokana na tofauti za watu ndani ya kundi moja hayawezi, peke yake, kueleza tofauti baina ya makundi. Lugha isiyobainisha hayo huiachia mlango wazi hoja ya aina hiyo, hasa inapokutana na methali kama "Mtoto wa nyoka ni nyoka".

Huenda ikadaiwa kuwa maneno hupanuka maana, na kwamba urithi nao utazoeleka. Ni kweli kwamba hupanuka. Lakini maana ya zamani haifutiki, bali huendelea kuivuta ile mpya. Afadhali kusema "mchango wa jeni katika tofauti", hata kama ni maneno mengi. Urefu huo ni gharama ndogo kuliko upotofu.

Isitoshe, Kiswahili chenyewe kina hazina ya kuusaidia mjadala huu. Huruma ni nomino, nayo yaweza kukaa moyoni bila kumfikia yeyote. Kitenzi hurumia hudai yambwa: lazima awepo anayehurumiwa. Utu nao haujulikani kwa nasaba. Hujulikana kwa matendo. Jeni zaweza kuchangia wepesi wa mtu kuhisi maumivu ya mwingine, lakini hazimtaji anayestahili kusaidiwa. Hilo huamuliwa na malezi, mila, sheria na dhamiri, na ndiyo maana jamii ina haki ya kumdai kila mtu utu wake, bila kujali alivyozaliwa.