Ndagala na Chandarua

Sisi wa Kabambare hatuna bahari. Ndagala wakavu tunaowala sokoni hutoka Ziwa Tanganyika. Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, Tanzania ilifunga uvuvi ziwani humo, kwa makubaliano ya nchi nne, Kongo ikiwamo, ili samaki wapate kuzaliana. Bei ikipanda, twanung'unika. Hata hivyo twaona kufunga ni haki, mradi mvuvi na watoto wake wasiachwe na njaa miezi hiyo mitatu. Hapo ndipo serikali hupenda kunyamaza. Wala tusimnyoshee kidole mvuvi wa Baraka peke yake. Chandarua kinachokokotwa mtoni Luama, kikizoa hata vifaranga vya samaki, ni cha nani? Ni chetu, nacho kiligawiwa kuzuia malaria.