Sahani za Mama Ntilie Ndani ya Damu

Haya washikaji, leo pamba na mapenzi tuviweke kando. Leo ni damu. Tena msikunje sura, maana hii kitu inakula mshiko wa ndugu zetu.

Kuna jamaa wanazunguka na darubini iliyounganishwa na skrini. Siku ya mnada wanatega meza, wanakuchoma kidole, wanakuonyesha tone lako. "Unaona zilivyopangana? Sumu hiyo, mama!" Kisha unauziwa kopo la unga wa kijani. Shangazi yangu wa Nyambureti, kule Serengeti, mbuzi wawili wameondoka hivyo hivyo. "Mura, nimeona kwa macho yangu," ananiambia.

Na kweli aliona! Changa la macho lilikuwa kwenye maelezo, sio kwenye picha.

Iko hivi. Chembe nyekundu ni kisahani kilichobonyea katikati, kidogo mno, panga kama 130 ndipo upate milimita moja. Visahani hivi vina chaji hasi, kwa hiyo vinasukumana, kila kimoja na hamsini zake. Ila kwenye maji ya damu kuna protini, hasa fibrinojeni na zile za kinga. Zikizidi, msukumano unapungua na visahani vinapandana kama sahani za mama ntilie baada ya kuoshwa. Wataalamu wanaita ruloo, neno la Kifaransa la sarafu zilizofungwa pamoja. Hapo damu haijaganda, wala haina sumu. Ikitiririka, vinaachana.

Sasa tone nene likikaa kwenye kioo, visahani vitapangana hata kama ni damu ya winga wa timu ya taifa. Farasi mzima kabisa, damu yake ndiyo kawaida yake kupangana. Ng'ombe wetu wa Mara wala, karibu haipangani kabisa. Mwenye skrini angempima farasi angemuuzia makopo kumi!

Lakini maabara ni habari nyingine. Pale damu inatandazwa, inakaushwa, inapakwa rangi, na mtaalamu anaangalia sehemu nyembamba. Zikiwa bado zimepangana, anashtuka. Inaweza kuwa maambukizi, baridi yabisi, ujauzito tu, au mayeloma, ile saratani ya uboho inayomwaga protini moja kupita kiasi. Kipimo cha ESR kinatumia siri hiyo hiyo: chembe zilizopandana ni nzito, zinazama haraka kwenye mrija, wanasoma milimita ngapi kwa saa. Msweden Robin Fåhræus alianzia kwenye damu ya wajawazito mwaka 1918, mwenzake Westergren akaipeleka kwa wagonjwa wa TB mwaka 1921.

TB yenyewe ndiyo iliyokuwa kwa shangazi. Miezi mitatu ya kikohozi na unga wa kijani! Tulipomfikisha Mugumu, ESR ilikuwa juu, lakini ESR haitaji ugonjwa kwa jina, ni makohozi yaliyosema. Dawa za TB ni bure, miezi sita. Unga ulikuwa mbuzi wawili.

Kuna mitego pia. Mwenye seli mundu, na kanda yetu ya ziwa wako wengi, chembe zake zimepinda, hazipandani vizuri, hivyo ESR inaweza kuwa ndogo huku mtu yuko hoi. Na ukitoka kwenye mbung'o za Serengeti ukiwa na homa, taja safari yako. Mwaka 2001 watalii kadhaa walirudi kwao na malale baada ya kutembea Serengeti na Tarangire. Malale inapandisha protini za kinga mno, chembe zinanata kwa makundi, ila daktari atamtafuta mdudu mwenyewe kwenye damu.

Pengine patamu zaidi ni kwenye kuongezewa damu. Ruloo inaweza kumzuga mpimaji aone damu ya mchangiaji na ya mgonjwa zinagombana, kumbe wapi. Dawa yake ni rahisi ajabu: anaondoa yale maji ya damu, anaweka maji ya chumvi ya asilimia 0.9, anaangalia tena. Visahani vikiachana, ilikuwa ruloo. Vikigoma, hapo vimeshikana kweli, na ile chupa hairuhusiwi kwenda wodini.

Wiki ijayo tunarudi kwenye pamba. Baadaye!