Sampuli inashuka kutoka Rurambo, nani ataisoma?

Mtu akipata homa na vipele Rurambo, sampuli yake inapaswa kwanza kushuka mlima hadi Uvira, kwa mguu ao kwa pikipiki, mbele safari ya kwenda labo kubwa haijaanza. Kujua kama ni Mpox ni jambo moja. Kusoma jeni za virusi vyenyewe ni jambo lingine, na linaomba mtu aliyesoma baolojia ya molekuli na jenetiki mpaka masteri ao doktora. Watu wa namna hiyo ni wachache katika Kivu ya Kusini.

Faida ya kuwa nao ilionekana Kamituga, katika teritware ya Mwenga. Toka mwisho wa Septemba 2023 hadi mwisho wa Februari 2024, wagonjwa 241 walishukiwa kuwa na Mpox kule, na 108 walithibitishwa. Sasa, kipimo kilichotengenezwa kwa kutambua ukoo wa kwanza wa virusi hivyo, ule unaojulikana Kongo kwa miaka mingi, kinatafuta kipande fulani cha jeni. Virusi vya Kamituga vilikuwa vimepoteza kipande hicho. Kipimo kilitafuta alama isiyokuwepo, kikajibu kama vile huo si ukoo wa kwanza.

Waliosoma virusi hivyo herufi kwa herufi njo walioona kasoro. Wakaona tena mabadiliko ya aina inayotokea virusi vikipita ndani ya miili ya watu. Maana yake: ugonjwa ulikuwa unatoka mtu kwa mtu, na kuonya wakaaji juu ya nyama ya pori peke yake hakungeuzuia. Ukoo huo ukaitwa Ib. Mwezi wa Julai 2024 ulikuwa umeisha kufika Burundi, ng'ambo ya Uvira, na tarehe 14 Agosti OMS ikatangaza hali ya hatari ya kimataifa.

Sehemu kubwa ya usomaji huo ilifanyika INRB, Kinshasa. Ni mbali, lakini zamani ilikuwa mbali zaidi. Profesa Jean-Jacques Muyembe alipata doktora yake Leuven, Ubelgiji, mwaka 1973. Ebola ilipotokea Yambuku mwaka 1976 alikwenda kule, na sampuli za damu zikapelekwa Ubelgiji, sababu Zaire haikuwa na labo ya kuzichunguza. INRB ilizaliwa 1984. Kwa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, 2018 hadi 2020, jeni zilisomwa mpaka Katwa, kandokando ya Butembo. Kwa hiyo kazi hii inawezekana kufanyika karibu na mgonjwa, kama wenye ujuzi wapo.

Kijana wa Rurambo mwenye diploma ya serikali anahitaji miaka 3 ya lisansi, 2 ya masteri, na 3 ao zaidi ya doktora. Bukavu kuna UOB na UEA, na kituo cha utafiti cha Lwiro hakiko mbali. Lakini jenetiki haisomwi kwa chaki. Kila jaribio linakula dawa za labo zinazonunuliwa ng'ambo, zinazoomba baridi na umeme usiokatika. Vita ikaongeza shida: Bukavu ilipochukuliwa na AFC/M23 Februari 2025, mabenki yalifungwa na uwanja wa ndege wa Kavumu ukanyamaza. Mwanafunzi wa upande wa Uvira akakuta mstari wa mapigano kati yake na chuo.

Wengine wanakwenda kusomea inchi za nje. Hawarudi wote, na ni vigumu kuwalaumu: warudi kufanya kazi na mashine gani?

Burse zinazotolewa kwa vijana wa milimani mara nyingi zinahesabu karo, nyumba na chakula. Kwa masomo haya hesabu hiyo ni fupi. Kinachopaswa kudaiwa ni burse ya masteri yenye dawa za labo ndani yake, kwa miaka yote 2, na kazi inayomngoja mwenye diploma Uvira.