Wa Juu Asimsahau wa Chini

Msafiri aendaye Lamu kwa njia ya barabara hupitia Garsen na Witu, akashika njia yake wala asijue ya kuwa upande wa kuliani kwake, karibu na mdomo wa Mto Tana, kuna watu wa zamani sana. Kipini ni mji wao wa pwani. Ukiupanda mto kutoka Kipini kwa mtumbwi, hukawii kufika Ozi, kijiji cha Wapokomo Waislamu, wakulima wa mpunga, ndizi na maembe. Leo tumeona vyema kuzungumza habari za Ozi, kwa kuwa historia yake ni kubwa kuliko idadi ya watu wake, na dhiki yake yatuhusu sote tunaowasha taa na kufungua bomba.

Wazee wa pwani watakwambia ya kwamba Fumo Liongo, shujaa na malenga wetu wa kale, alilazwa katika ardhi hiyo, na mpaka leo wenyeji huonyesha mahali pa kaburi lake. Karibu na Kipini kuna magofu ya Ungwana, yenye msikiti wa mawe uliojengwa na watu waliokuwa na mali na elimu. Juu kidogo mtoni palikuwa na Kau, bandari ya mitumbwi na majahazi, ambako mchele wa mtoni na pembe za bara zilikutana na bidhaa za ng'ambo. Na mwaka 1890, Waingereza walipokwenda kuuteketeza mji wa Witu, majeshi yao yaliteremkia papo hapo Kipini.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Zamani Mto Tana haukutokea Kipini. Ulimwaga maji yake baharini upande wa kusini zaidi, na mto uliopita Kau na Kipini ulikuwa mto mwingine mdogo ulioitwa Ozi. Katika karne ya 19 watu walichimba mfereji wa Belezoni kuiunganisha mito hiyo miwili, ili mitumbwi ya bidhaa ipate njia ya mkato. Mfereji ulikuwa mwembamba, lakini mto uliipenda njia hiyo. Mwaka baada ya mwaka maji yaliupanua, hata Tana ukaacha njia yake ya kale ukahamia Ozi. Basi mkono wa mwanadamu huweza kuugeuza mto mzima, hata kama alikusudia jambo dogo tu.

Maisha ya Ozi yaliandamana na maji hayo. Mkulima wa huko alihesabu mwezi kama baharia. Bahari ilipojaa wakati wa bamvua, ilisukuma nyuma maji ya mto, na maji baridi yakapanda taratibu katika mifereji midogo mpaka mashambani. Bahari ilipokupwa, maji yakatoka. Hapakuwa na mashine wala mafuta. Maumbile yalimwagilia mpunga bure. Mafuriko ya masika yalileta udongo mpya wenye rutuba. Mpunga ulipoanza kukomaa, mabibi na watoto walipanda madunguni kuamia ndege tangu alfajiri. Jioni palikuwa na kambare wa mtoni na wali wa nazi, na watoto wakenda chuoni kusoma juzuu zao. Mamba na viboko walikuwako, na waliwadhuru watu, lakini watu walijua namna ya kuishi nao.

Siku hizi mambo yamebadilika. Bahari ijaapo haisukumi tena maji baridi peke yake, bali huingia yenyewe na chumvi yake. Mashamba ya mpunga yameharibika, miembe ya urithi imekauka imesimama, na mtu huchukua madumu akaupanda mto kwa mtumbwi kutafuta maji ya kunywa. Kuishi kando ya mto mkubwa kuliko yote Kenya, wenye urefu wa kilomita 1,000 hivi, kisha ukakosa maji ya kutilia udhu, ni msiba wa ajabu.

Sababu si moja. Bahari nazo zapanda ulimwenguni kote. Lakini huko juu Tana umefungwa mara tano: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mito inayouingia Tana ndiyo inayounywesha mji wa Nairobi. Mto uliodhoofika hauna nguvu za kuizuia bahari mlangoni, na udongo wa rutuba hubaki nyuma ya kuta za mabwawa. Hatuyalaumu mabwawa. Umeme wake tunautumia hata sisi wa Mombasa, na wakazi wa Nairobi ni binadamu wenye kiu kama sisi. Twalaumu hesabu ya maji isiyomtia mtu wa chini.

Katika dini yetu hukumu ya jambo hili ni ya zamani. Watu wa Madina waligombania maji ya bonde la Mahzur, na Mtume wetu (s.a.w.) akahukumu ya kwamba wa juu azuie maji mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha amwachie wa chini. Haki ya wa juu ilitambuliwa, lakini iliwekewa mpaka, na mpaka huo ndio haki ya wa chini.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 nayo yataka kila mto uachiwe akiba ya kutosha mahitaji ya watu na ya viumbe vilivyomo. Basi twawaomba wakubwa wanaohusika waitimize. Maji yafunguliwe kwa kipimo na kwa majira yanayojulikana, wala si kuyazuia kiangazi kizima kisha kuyamwaga kwa ghafula wakati wa mvua kubwa. Wazee wa Ozi na Kipini waitwe katika baraza kabla ya mpango wa bwawa jingine, kama lile la High Grand Falls, kuamuliwa. Na maji safi ya kunywa yapelekwe huko sasa, yasingojee mipango hiyo.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, sauti ya wimbo wa taifa ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto. Tunaposikia sauti hiyo sote husimama kwa heshima. Wenye sauti hiyo wanaomba maji. Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Watu wa Ozi wamengoja vya kutosha.