Pikipiki ya Umeme na Mlima wa Kirua

Pikipiki ya petroli ikiwaka hunguruma. Kelele tulizozilaumu miaka yote zilikuwa pia tahadhari. Ya umeme huamka kimya. Kwa barabara ipandayo kutoka Uchira kwenda Kirua Vunjo, ambako abiria hupandia palepale mlimani, utaratibu wa kuwasha chombo hicho si jambo la mafundi peke yao.

Kwanza umeme wa betri hupitia kwenye rezista ili kapasita za kontrola zijae polepole, ndipo swichi kuu ifunge. Ukiunganishwa kwa pupa, cheche huweza kuigandisha swichi hiyo, nayo isikatike siku ya hatari. Kisha kontrola hukagua mkono wa mwendo: ukikutwa umekunjwa, mota hugoma mpaka uachiwe.

Fundi anayegeuza pikipiki ya petroli kuwa ya umeme anaweza kuziruka hatua zote mbili na chombo kikatembea vizuri. Mnunuzi hatajua, wala askari wa barabarani. Shirika la Viwango Tanzania liweke basi sharti la jaribio moja kabla chombo hakijapewa namba: gurudumu linyanyuliwe, mkono ukunjwe, chombo kiwashwe. Likizunguka, kirudi gereji.