FUNDI WA NYUMBANI: Kamshafti ya Mbio Si ya Kila Gari

Ndugu wasomaji, juma hili tuache kidogo mapishi na mishono, tuingie chini ya boneti. Wengi mnaosoma ukurasa huu mko kambini na vituoni, na gari dogo lililonunuliwa kwa akiba ya miaka mingi huwa ndiyo mali kubwa kuliko zote nyumbani. Mali ya namna hiyo haifai kuharibiwa kwa jioni moja.

Hapa Mantapala, wilayani Nchelenge, kwenye makazi yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia vita nchini Kongo, jirani yangu mmoja ana Toyota ndogo ya silinda nne. Mchana hubeba samaki wa Ziwa Mweru. Usiku, akigongewa mlango, humkimbiza mgonjwa hospitali ya Mtakatifu Paulo, Kashikishi. Gari lile lilianza kugonga na kukosa nguvu. Alipofungua kifuniko cha vali akakuta nundu mbili za kamshafti zimelika. Fundi mmoja akamuuzia kamshafti iliyotoka katika injini ya ukoo ule ule, akamwambia, "Hii ni ya mbio, bwana, gari litaruka." Jirani akaniita nimsomee kitabu cha matengenezo, maana kimeandikwa kwa Kiingereza.

Tuelewe kwanza kazi ya chombo hiki. Kamshafti ni mhimili wenye nundu, na kila nundu husukuma vali ili ifunguke. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Kwa hiyo injini inapokwenda mizunguko 3,000 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 25 katika sekunde moja! Umbo la nundu ndilo linaloamua vali ifunguke kiasi gani na ikae wazi kwa muda gani. Nundu za mbio huziacha vali wazi muda mrefu zaidi. Injini inapozunguka kasi sana, hilo hujaza hewa nyingi na kuongeza nguvu. Injini inapokwenda polepole, sehemu ya hewa hiyo hurudi ilikotoka, na nguvu hupungua.

Tuliifunga kamshafti ile chini ya mwanga wa taa. Jirani alitaka kuwasha mara moja. Nikamsihi tutoe plagi, kisha tuizungushe krenki kwa spana, taratibu, mizunguko miwili kamili. Katikati ya mzunguko wa pili spana ikakwama. Pistoni ilikuwa imekutana na vali! Tulipotazama alama tukaona mkanda umekosewa jino. Laiti tungewasha, vali zingepinda na hedi nzima ingehitaji kazi mpya.

Tulirekebisha, injini ikawaka. Hata hivyo, ilitetemeka iliposimama, ikala petroli zaidi, na ikilemewa na mzigo mchangani ilikufa. Ziwa letu liko zaidi ya mita 900 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini hupoteza sehemu ya nguvu zake hata kabla hatujaigusa. Usiku mmoja, akiwa amempakia mama mwenye uchungu wa kuzaa, gari lilizimika mara tatu njiani. Walifika salama, Mungu ashukuriwe. Kesho yake jirani aliitoa kamshafti ya mbio, akatafuta ya aina ile ile iliyotoka kiwandani.

Basi, ndugu msomaji, ukilazimika kubadilisha kamshafti, shika haya:

Kwanza, linganisha ya zamani na mpya zikiwa kando kwa kando: urefu, sehemu za kukalia, na kimo cha nundu. Kufanana kwa macho hakutoshi, pima.

Pili, weka pistoni ya kwanza juu kabisa, uzitie alama gia zote kabla ya kufungua mkanda au cheni.

Tatu, paka oili nzito kwenye nundu. Kwa injini za zamani zenye tapeti bapa, kamshafti mpya hutaka tapeti mpya. Tapeti zilizolika huila.

Nne, pima nafasi ya vali injini ikiwa baridi, kwa kipimo kilichotajwa kitabuni. Katika injini nyingi ndogo huwa kati ya milimita 0.15 na 0.30.

Tano, zungusha kwa mkono mara mbili. Ikikwama, usilazimishe; rudi kwenye alama.

Mwisho, jiulize gari lako ni la kazi gani. Askari hachagui buti kwa kung'aa kwake, bali kwa safari iliyo mbele yake. Gari la familia vivyo hivyo: sifa yake ni kuwaka usiku wa manane na kufika.

Hadi juma lijalo, nawatakieni kazi njema.